Apdeti ni nyingi, bando ni dogo: uanze na ipi?

Leo tuongelee kitu ambacho kila mmoja anakiona kwenye simu yake na karibu kila mmoja anabonyeza "baadaye". Apdeti. Simu inataka, laptopu inataka, WhatsApp inataka, tovuti ya duka nayo imeweka namba 14 pembeni kukuambia kuna plagini 14 zinasubiri. Wengi wanaangukia njia mbili. Mmoja anaacha zote mwaka mzima. Mwingine siku akipata waifai ya bure anabonyeza zote kwa mpigo, kesho yake printa ya risiti haifanyi kazi na wateja wako foleni.

Apdeti hazilingani. Kuna ya kufanya leo kabla hujalala, kuna ya kusubiri Jumapili duka likipoa, na kuna ambayo ikikaa mwezi mzima hakuna kitakachotokea. Kazi yako ni kuzitofautisha tu. Wala haihitaji digrii. Mimi nimeishia kidato cha nne na nauza viatu.

Kwanza tuelewane. Kuna apdeti za urembo: emoji mpya, kitufe kimehamishwa, rangi imebadilika. Hizo leo sina shida nazo. Ninazoongelea ni viraka vya usalama. Kiraka ni kiraka kweli, kama cha tairi la baiskeli. Programu ilikuwa na tundu ambalo mtu mbaya anaweza kupenya, mwenye programu amelijua, akatoa kipande cha kuliziba.

Kampuni kubwa hazitoi viraka ovyo ovyo. Microsoft wana siku yao, Jumanne ya pili ya kila mwezi, na utaratibu huo wameanza nao 2003. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki vinatoka usiku, saa mbili au saa tatu kutegemea msimu wa huko Marekani, kwa hiyo wewe unakutana navyo Jumatano asubuhi. (Angalia kalenda vizuri. Ni Jumatano inayofuata Jumanne ya pili, kuna miezi inaangukia Jumatano ya tatu.) Android wanatoa taarifa ya usalama ya mwezi tangu 2015, ila simu yako itapata kiraka lini hiyo iko mikononi mwa kampuni iliyoitengeneza. WordPress na plagini zake hazina siku. Kinaweza kutoka Ijumaa jioni wakati unafunga mizigo ya mikoani.

KIRAKA KIKITOKA, HATARI INAPANDA

Hapa watu wengi wanaelewa kinyume. Wanadhani kiraka kikishatoka hatari imepungua. Kwa aliyekiweka, ndiyo. Kwa ambaye hajakiweka, imeongezeka.

Sababu ni hii. Mdukuzi anachukua programu ya jana na ya leo, anazilinganisha, anaangalia kilichobadilika. Palipobadilika ndo palipokuwa na tundu. Ni kama fundi amepita mtaani anabadilisha kufuli za aina fulani nyumba kwa nyumba. Mwizi akiona hivyo, kesho anatafuta nyumba ambayo fundi hajafika. Jana hakujua kama kufuli hiyo ina kasoro, leo anajua.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni WannaCry. Microsoft walitoa kiraka cha Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo virusi vikaanza kusambaa kupitia tundu lile lile. Siku 59 katikati. Vilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin ili vifungue. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 zilipigwa, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Tena halikuhitaji mtu abonyeze linki. Kompyuta moja ikishapata, inamtafuta jirani yake kwenye mtandao huo huo yenyewe.

Utaniambia hospitali za Uingereza na duka lako la vitenge vinahusiana nini. Haya, twende kwenye maduka.

Kuna plagini inaitwa Elementor Pro, wanaitumia sana kupamba tovuti za WordPress. Machi 2023 iligundulika kwamba kama tovuti ina Elementor Pro pamoja na WooCommerce, yani ni duka, basi mteja wa kawaida tu aliyejisajili ili anunue kitu angeweza kubadilisha mipangilio ya tovuti na kujifanya msimamizi. Mteja! Kiraka kikatoka tarehe 22 Machi. Haikufika mwisho wa mwezi huo tayari wadukuzi walikuwa wanaingia kwenye tovuti za watu, na baadhi ya maduka yakawa mgeni akifungua anapelekwa kwenye tovuti nyingine kabisa. Hapo ulikuwa na wiki moja, basi.

Na sikia hili. Elementor Pro ni ya kulipia. Ukiwa na ile ya bure uliyopewa na "fundi" kwenye Telegram, kiraka hakikufikii, kwa sababu apdeti zinakuja kupitia leseni. Yani umeokoa hela kidogo, ukabaki na mlango wazi ambao dunia nzima imeshatangaziwa.

Mwezi huo huo wa Machi 2023, plagini ya WooCommerce Payments nayo ilikutwa na tundu la mtu kuwa msimamizi bila hata neno la siri. Kiraka kikatoka tarehe 23. Tovuti nyingi zilisukumiwa kwa lazima, ila zikabaki ambazo hazikupata. Wadukuzi walikaa kimya mpaka katikati ya Julai, kisha siku moja tu wakafanya majaribio milioni 1.3 kwenye tovuti 157,000. Plagini hiyo wengi wetu huku hatuitumii, najua. Nimeileta ili uone kitu kimoja: anayegonga mlango siyo mtu anayekujua wewe. Ni roboti. Inapita tovuti kwa tovuti, haijui kama una wafuasi 300 au laki tatu.

Sasa unaona shida. Moja ilichukua wiki, nyingine siku 59, nyingine karibu miezi minne. Utajuaje yako itachukua muda gani? Huwezi kujua. Ndiyo maana tunapanga kwa maswali.

MASWALI YANGU MATATU

Apdeti ikija najiuliza hivi.

Tundu hili linatumiwa sasa hivi? Taarifa za viraka huwa zinasema. Ukiona neno la Kiingereza "exploited", maana yake kuna watu wameshaanza kupigwa. Hiyo haisubiri Jumapili. Shirika la usalama wa mtandao la serikali ya Marekani, CISA, tangu Novemba 2021 linaweka hadharani orodha ya matundu yanayojulikana kutumiwa na wadukuzi. Ni bure, unaandika jina la programu yako unatafuta. Mimi hiyo naifungua mara moja kwa wiki, dakika tano na chai.

Watu wanapenda kukutisha na alama. Matundu hupewa alama kutoka 0 hadi 10, na kuanzia 9 wanaita hatari kabisa. Alama inasaidia, lakini usiongozwe nayo peke yake. Tundu la 9.8 kwenye programu usiyokuwa nayo kwako ni sifuri. Chukua WinRAR, ile ya kufungulia mafaili ya zipu, ipo kwenye laptopu za nusu ya nchi. Mwaka 2023 ilikuwa na tundu la alama 7.8 tu. Lakini lilikuwa linatumiwa kuanzia Aprili kabla hata kiraka hakijatoka Agosti, na waliolengwa walikuwa watu wanaofanya biashara ya hisa na sarafu za mtandaoni. Unatumiwa zipu, ndani kuna picha, unabonyeza picha, kumbe kuna programu inaamka nyuma yake. Mbaya zaidi WinRAR haijiapdeti yenyewe. Lazima uende kwenye tovuti yao ukachukue mpya. Mwaka 2025 ikakutwa na tundu jingine linalotumiwa, wakatoa toleo la 7.13. Fungua yako sasa hivi uangalie ni namba ngapi.

Swali la pili: mtu anaweza kulifikia bila mimi kufanya kitu? Hapa ndo tofauti ya seva na kompyuta yako. Seva, yani ile kompyuta ya mbali inayobeba tovuti yako, iko wazi saa 24 na kazi yake ni kumjibu kila anayebisha hodi. Wewe umelala, yenyewe inajibu. Laptopu na simu kwa kawaida zinahitaji mtu wa ndani akosee: afungue faili, abonyeze linki, aweke flashi ya mtu. Kwa hiyo tundu la seva na tundu la laptopu yakiwa na alama moja, naanza na la seva.

Lakini sisi wauzaji tuna jambo letu. Mtu wa ofisini anaambiwa asifungue faili la asiyemjua. Wewe utaacha kufungua? Kazi yako yote ni kufungua vitu vya usiowajua. "Dada nimelipa, risiti hii hapa." "Kaka nataka kama hiki kwenye picha." "Fungua hii ni orodha ya oda yetu ya jumla." Kwa siku unafungua mafaili 40 ya watu ambao hujawahi kuwaona. Kwa hiyo programu zinazofungua picha, PDF, zipu na linki kwako zina uzito mkubwa kuliko kwa mtu mwingine. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikiwa maofisi, hausemi hili.

Swali la tatu ni la mfukoni: kikishikwa, napoteza nini? Simu ya mdogo wako anayepiga picha za bidhaa, ukiipoteza unanung'unika. Simu yenye laini ya pesa, WhatsApp ya biashara na akaunti ya Instagram yenye wateja wa miaka minne, hiyo ikishikwa mtu anaweza kuwaandikia wateja wako wote kwa jina lako, "namba ya malipo imebadilika, lipa hapa". Pesa inaondoka kwao, lawama inakuja kwako. Duka lako lilijengwa kwa kuaminika, na mteja aliyetapeliwa kwa jina lako hatauliza kuhusu kiraka.

HIVI NDIVYO NAPANGA

Tovuti kwanza. Kiraka cha usalama cha WordPress au plagini nakiweka siku hiyo hiyo au kesho yake. Zaidi ya zote ni plagini zinazogusa malipo, kuingia kwa akaunti, fomu, na kupakia mafaili, kwa sababu hizo ndizo zinazopokea vitu kutoka kwa watu wa nje. Plagini ya kuonyesha theluji ikidondoka wakati wa Krismasi hiyo sikuambii uiapdeti, nakuambia uifute. Kumbuka hata plagini uliyoizima, mafaili yake bado yako kwenye seva. Kama duka lako lote liko Instagram na WhatsApp na huna tovuti, ruka aya hii, seva wanashughulika nazo wenyewe.

Ruta nayo naiweka juu kwa sababu inatazama nje. Watu wanaisahau kabisa, imekaa juu ya kabati inawaka taa miaka sita. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio angalau mara moja kwa miezi miwili, na kama ni ya kampuni ya intaneti wapigie uwaulize.

Halafu simu ya pesa na kurasa. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utaona tarehe ya apdeti ya usalama. Siyo namba ya Android, tarehe. Kama inaonyesha miezi miwili mitatu nyuma uko kwenye hali ya kawaida ya simu nyingi. Kama inaonyesha mwaka juzi na ukibonyeza kutafuta inakuambia uko sawa, maana yake kampuni imeshaachana na simu yako. Hiyo inaweza kuendelea kupiga picha za viatu na kupokea simu. Usiweke pesa wala kurasa za duka humo. Na kuhusu GB WhatsApp, hilo siyo toleo la wenye WhatsApp. Viraka vya WhatsApp yenyewe havipiti huko, na WhatsApp wanafungia akaunti zinazoitumia.

Kivinjari ni rahisi kuliko vyote na ndicho watu wanachokipuuza. Chrome tangu 2023 inatoa viraka vya usalama karibu kila wiki na inavishusha kimya kimya. Ila havianzi kazi mpaka uifunge na kuifungua upya. Mtu ana vichupo 60 amevifungua tangu mwezi wa tatu, anasema Chrome yake inajiapdeti. Inajiapdeti, ila haijawahi kulala.

Windows ya laptopu ya mauzo inafuata, ndani ya wiki moja baada ya Jumanne ile. Kama kuna tundu linalotumiwa tayari, siku mbili. Laptopu nyingine za dukani baada ya hapo. Printa, spika za waifai na televisheni ya ukutani zinakuja mwisho kabisa, na mwezi ukiwa mbaya zinangoja mwezi ujao.

KABLA HUJABONYEZA

Kiraka nacho kinaweza kukuangusha. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma apdeti yenye kasoro, na kompyuta kama milioni 8.5 za Windows zikazima na kuonyesha skrini ya bluu. Viwanja vya ndege vilisimama. Hao ni wataalamu. Kwa hiyo usiziwekee kompyuta zote siku moja. Anza na ile ambayo ikigoma unaweza kuvumilia. Iwashe, toa risiti ya majaribio, chapa lebo, ingia kwenye programu ya stoo. Ikipita siku nzima vizuri, weka kwenye ile ya kaunta.

Tovuti, chukua bekapu kwanza. Bekapu iliyoko kwenye seva hiyo hiyo haitoshi, ishushe nyingine kwenye laptopu au uiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha apdeti plagini moja moja, siyo zote 14. Baada ya kila moja jifanye mteja: weka kiatu kwenye kapu, fika mpaka ukurasa wa malipo. Kikiharibika kitu unajua ni ipi imeharibu. Fanya saa ambazo wateja wako wamelala, na usifanye wiki ya Idd wala ile ya kabla ya Krismasi, isipokuwa tundu linatumiwa. Likitumiwa, fanya hata usiku wa mkesha.

Kuhusu bando, hapa kuna habari nzuri. Viraka vya Windows vya mwezi vinajumlishwa. Ukiruka miezi mitatu huhitaji kushusha mitatu, cha mwezi huu kimebeba na vya nyuma. Na kama dukani mna kompyuta mbili tatu kwenye waifai moja, kuna mpangilio kwenye sehemu ya apdeti za Windows unaoruhusu kompyuta moja ikishusha, nyingine zichukue kwake badala ya intaneti. Uruhusu kwa kompyuta za mtandao wako tu, siyo za mtandao mzima. Mimi yangu naiacha inashusha kwa bando la usiku, asubuhi nakuta inasubiri kuwashwa upya tu.

Bando likiwa limebana kabisa, mwezi huo fanya tovuti, simu ya pesa na Chrome. Hizo tatu hazili sana.

Mwisho kuna Windows 10. Microsoft walisitisha viraka vyake vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanaendelea kupata mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Laptopu zenye uwezo zinaingia Windows 11 bila malipo, fungua sehemu ya apdeti itakuambia kama yako inafaa. Kama haifai na hujajiandikisha, ifanye ya hesabu na stoo, itoe kwenye intaneti, na kurasa za duka na benki uzifungulie kwenye simu yenye tarehe mpya. Na ile ya Windows 7 ambayo bado iko kwenye kaunta za watu, viraka vyake viliisha Januari 2020. Hiyo usiipangie ratiba ya apdeti, ipangie mchango wa kununua nyingine.